Makanisa ya Posta yanapigwa picha kila wiki, fedha ziko wapi?

Jumamosi mchana, wakati ofisi nyingi za Posta, katikati ya Dar es Salaam, zimefungwa, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Sokoine Drive huwa na shughuli kuliko mtaa mzima. Maharusi wanatoka, wengine wanasubiri zamu, na kila msafara umekuja na wapiga picha wake, wa video na wa mnato. Kwa harakati zile mtu anaweza kudhani picha za makanisa ni biashara nono. Biashara ipo, ila anayelipa analipia sura ya bibi harusi. Jengo limo kama pazia la nyuma, na pazia halilipiwi.

Majengo yenyewe yana sifa zote za kuuza. Mtakatifu Yosefu lilijengwa enzi za Wajerumani, kati ya 1897 na 1902, kwa mtindo wa Kigothi wenye matao yaliyochongoka na vioo vya rangi. Hatua chache kuelekea Kivukoni kuna Azania Front ya Walutheri, lililoanza kujengwa 1898, lenye mnara wa vigae vyekundu na vijipaa vya vigae vinavyoyakinga madirisha na jua. Nyuma yake sasa imesimama minara ya vioo ya ofisi, na mbele yanapita mabasi ya mwendokasi. Mpiga picha hana budi kuchagua: aifiche minara au aitumie. Kampuni zinazochapisha kalenda na taarifa za mwaka hupenda aitumie, maana zinataka Dar ya jana na ya leo katika fremu moja.

Hapo ndipo gharama inapoanza. Ukiinua kamera kutoka njiani ili mnara wote uingie, kuta zinaegemeana kama zinataka kuanguka. Dawa yake ni lenzi maalumu inayosogezwa juu na chini huku kamera ikibaki wima. Mpya inaweza kuuzwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani. Wengi wananyoosha kuta kwenye kompyuta na kukubali kupoteza kingo za picha, kwa hiyo wazoefu huacha nafasi pande zote tangu wanapopiga. Ndani kuna mtihani mwingine. Vioo vinawaka kwa jua la nje ilhali kuta ziko gizani. Ukipata rangi za kioo, altare inakuwa kivuli. Inabidi kuweka stendi, kupiga fremu kadhaa zenye mwanga tofauti, kisha kuziunganisha baadaye mezani. Kwa dirisha moja, asubuhi inaweza kwisha.

Kamati ya harusi haiwezi kulipia asubuhi hiyo. Michango ikishagawiwa kwenye ukumbi, chakula, vinywaji na mapambo, mpiga picha ndiye anayeambiwa, "Kaka, tupunguzie, tutakuletea wateja." Na akikubali, anapewa dakika chache tu kabla msafara haujaondoka kwenda ufukweni.

Soko la picha za mtandaoni nalo lilikuwa tumaini la wengi. Juni 2020 Shutterstock ilibadili malipo: mpiga picha anapata kati ya asilimia 15 na 40 kulingana na wingi wa mauzo yake, daraja linaanza upya kila Januari 1, na picha moja inaweza kumwingizia senti 10 tu za dola. Picha ya ndani ya jengo isiyo na barua ya ridhaa ya mwenye jengo kwa kawaida huuzwa kwa matumizi ya habari tu, haiendi kwenye matangazo, ambako ndiko kwenye fedha. Juu ya hayo kuna ushindani wa bure. Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani ilianza kuachia maelfu ya picha zake kwenye Wikimedia Commons, zikiwemo za Walther Dobbertin, aliyekuwa akipiga picha na kuuza postikadi Dar es Salaam mwanzoni mwa karne iliyopita. Anayetaka picha ya Dar ya kale hana haja ya kufungua pochi.

Zanzibar wamefanya hesabu nyingine. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa na kusaliwa ibada ya kwanza Krismasi ya 1877, linatoza watalii kiingilio. Mgeni anapiga picha atakavyo, lakini ameshalipa mlangoni. Kwa maoni yangu huo ndio mpango ulionyooka kuliko yote: kanisa linakula, mtembeza wageni anakula. Mpiga picha wa kulipwa tu ndiye hayumo.

Kwake, nafasi iliyobaki ni ile isiyo na bibi harusi: kumbukumbu ya jengo. Jumba la Beit al Ajaib la Zanzibar lilipoporomoka sehemu Desemba 25, 2020, kila aliyekuwa na picha nzuri za kuta zile alijikuta ameshika mali. Notre-Dame ya Paris ilipoungua Aprili 2019, vipimo vya leza alivyochukua mwanahistoria Andrew Tallon miaka kadhaa kabla vilisaidia kuijenga upya. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima hivyo makanisa ya Lalibela nchini Ethiopia na magofu ya Kilwa. Kwa jengo la ukubwa wa Azania Front, kamera ya kawaida inatosha kuanzia: mamia ya picha zinazopandana, na programu ya kuzishona kuwa umbo la pande zote. Paa ndilo linalohitaji droni, na droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ikulu ikiwa jirani na bandari ikiwa mbele, pale si mahali pa kubahatisha.

Mteja wa kazi hii ni kamati ya ujenzi ya parokia au usharika, au msanifu anayewaandalia makadirio. Makadirio hayo yana mstari wa jukwaa la mafundi, wa rangi, wa vigae, wa usimamizi. Picha za kabla na baada huachiwa fundi na simu yake. Anayetaka mstari wake uwemo inabidi abishe hodi kabla karatasi haijachapwa. Harambee ikishatangaziwa lengo, hakuna mwenyekiti atakayerudi kwa waumini kuomba nyongeza ya picha.