Kompyuta Ikikataa Kuweka Programu, Soma Nambari Kabla ya Kurudia

Mkazi anayeweka programu ya printa ili achapishe fomu ya basari huona kompyuta ikiomba idhini. Kwenye Windows, programu ya kawaida haina mamlaka ya kubadilisha mfumo. Huomba programu saidizi yenye mamlaka ya msimamizi ifanye kazi hiyo, kisha irudishe jibu. Mara nyingi jibu huja kwa nambari:

- 0: Kazi imekamilika.
- 3010: Imekamilika, lakini kompyuta izimwe na kuwashwa upya.
- 1223: Mtumiaji ameghairi. Anza tena ukiwa tayari.
- 1618: Programu nyingine inawekwa. Subiri imalizike.
- 5: Huna idhini. Mwite msimamizi, kurudia hakutasaidia.

Wengi hudhani kila nambari isiyo 0 ni kushindwa, wakarudia kazi iliyokwisha kufanyika, huku siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu ikikaribia.

Kosa kubwa zaidi ni kuomba nenosiri la msimamizi ili kuondoa nambari 5. Katika saiba za Garissa mjini, Masalani au Dadaab, kompyuta moja hutumiwa na watu wengi. Mwenye nenosiri hilo anaweza kuweka programu ya kunasa siri za eCitizen za wateja wote. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye kompyuta bila idhini kwa faini ya hadi Sh5 milioni, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Ukikwama, nakili nambari uliyoiona na umpe fundi.