Kuzima kwa Kuunganisha: Fumbo la Swichi ya Ndege Ndogo

Msafiri atokaye Likasi kwenda Kolwezi hupita Mulungwishi, mahali ambapo Wamethodisti walijenga misheni na ambapo leo kipo chuo kikuu chao; naye akiiacha barabara kuu wakati wa masika na kushika njia za kaskazini, hatahitaji hoja ndefu ili atambue kwa nini kanisa hilo lina huduma ya ndege katika Katanga, iitwayo Wings of the Morning. Ndege za kazi ya namna hiyo kwa kawaida ni ndogo, zenye injini ya pistoni, na nyingi huwashwa kwa ufunguo kama wa motokaa. Walakini adhaniye kwamba ufunguo ule una tabia ya ufunguo wa motokaa amejidanganya, na kosa lake laweza kumgharimu mkono, kama si roho.

Cheche ziwashazo mafuta katika injini hizo hazitoki kwenye betri, bali katika magneto mbili, yaani mitambo ya sumaku izungushwayo na injini yenyewe. Na kila silinda ina plagi mbili, kila moja na magneto yake, ili moja ikiharibika angani ya pili iendeleze kazi. Na kwa kuwa magneto haihitaji betri, swichi haiizimi kwa kuukata umeme, bali kwa kuuunganisha waya wake na mwili wa injini, umeme ukapotelea humo pasipo kuzaa cheche. Hapo ndipo lilipo fumbo: taa ya nyumbani waya wake ukikatika huzimika, lakini magneto waya wake ukikatika hubaki hai, hata kama ufunguo umo mfukoni mwa rubani, na rafadha ikisukumwa kwa mkono injini yaweza kushtuka.

Kuwasha nako kuna hesabu yake. Injini ikizungushwa na stata huenda polepole, na cheche ikitangulia wakati wake, pistoni husukumwa kinyume kwa kishindo. Kwa sababu hiyo magneto, mara nyingi ya kushoto peke yake, hutiwa kifaa chenye springi kiicheleweshacho cheche na kuitia nguvu. Ikiwa ya kulia haina kifaa hicho, fundi huweka nyuma ya swichi kipande kidogo cha chuma, ili magneto hiyo inyamazishwe muda wote ufunguo unaposhikwa kwenye kuwasha; na zikiwa na kifaa hicho zote mbili, hukiondoa kipande. Kipande chenyewe chaenea ncha ya kidole, lakini kikikosewa injini huwa kaidi, au hurusha teke.

Na kwa sababu ya fumbo lile la waya, rubani mwenye adabu ya kazi haizimi injini kwa ufunguo. Huishusha hadi mizunguko kama 1,000 kwa dakika, kisha huugeuza ufunguo kwenye kuzima na kuurudisha papo hapo: injini isipolegea, ajua kwamba kuna waya uliokatika. Ndipo auvutapo kabisa wenzo wa mchanganyiko wa mafuta na hewa, mafuta yakakoma, injini ikayala mabaki yaliyomo na kutulia yenyewe; ufunguo na betri hufuata baadaye. Fundi msikivu husubiri lahadha ile ya mwisho, kwani mizunguko hupanda kidogo, 25 hadi 50, kabla ya kufa: isipopanda kabisa, mchanganyiko wa mwendo wa chini una uhaba wa mafuta, ikipanda mno, umezidi. Na huko Likasi, kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu ya nane, mafuta huzidi kwa urahisi na kuacha masizi kwenye plagi.

Faida ya kuinyima injini chakula ni hii, kwamba hata magneto ikibaki hai kwa siri, silinda hazina cha kuwaka. Hata hivyo, ndege ikitulia katika uwanja wa majani na watoto wa kijiji wakiikimbilia, rubani huuweka ufunguo juu ya dashibodi uonekane, kisha huteremka upesi akasimama baina yao na rafadha. Kwa maana anajua kuwa ukimya wa chuma si ushahidi.