Mitambo ya Upepo Baharini (Sehemu ya Tatu): Kulabu na Kidato

Mzee mmoja wa Pangani ameniandikia baada ya makala ya wiki iliyopita. Ujana wake aliumalizia juu ya minazi, na sasa anataka kuelezwa jambo moja. "Mwanangu," anasema, "hao mafundi wa huko wamewekewa ngazi ya chuma, vidato vimepangwa sawasawa, na viatu wamenunuliwa. Mikanda na makulabu yote yale ya nini? Sisi tulipanda kwa vipandio vya panga na miguu mitupu."

Shikamoo mzee. Sehemu hii ni yako.

Tuanze na urefu, ingawa si hoja kubwa. Shamba la kwanza la upepo kujengwa baharini, Vindeby huko Denmark, lilianza kazi 1991 likiwa na mitambo 11, na minara yake haikuwa mirefu kiasi cha kumtisha mkwezi wa Pangani. Vindeby ilishang'olewa 2017. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wanajiandaa kwa Hornsea One: mitambo 174, kama kilomita 120 kutoka pwani ya Yorkshire, kitovu cha mapanga kikiwa zaidi ya mita 100 juu ya maji. Ngazi ya mita 100 yenye vidato vilivyoachana sentimita 28 ina vidato zaidi ya 350. Minara ya siku hizi ina lifti ndogo ndani, kweli, lakini lifti haianzii majini, na siku ikigoma fundi anabaki na ngazi.

Hata hivyo mita sita zinatosha kuua, kwa hiyo tuuache urefu. Tofauti iko kwenye kushika. Mkwezi huukumbatia mnazi. Mikono, nyayo na kifua vyote vina kazi. Fundi hushika kipande cha chuma chenye unene wa kidole gumba, mara nyingi akiwa amevaa glavu, na chuma hicho kwa nje ya mnara kina chumvi, mwani na kinyesi cha ndege. Miguu yote miwili ikiteleza, mikono inabaki peke yake, tena kwa muda mfupi sana. Katika theluthi ya sekunde mwili umeshashuka nusu mita. Ukitamka "moja" kwa utulivu, sekunde ikaisha, umeshuka karibu mita tano. Mkono ambao ungeweza kukuning'iniza ukiwa umetulia hauwezi kuusimamisha mwili uleule ukiwa umeshashika kasi.

Basi fungeni kamba, atasema mtu. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Chukua fundi ambaye pamoja na zana zake ana kilo 100, amejifunga kamba ya kawaida kiunoni, akaanguka mita mbili kabla kamba haijakaza. Atakuwa na mwendo wa kilomita 22 kwa saa. Kamba ikimsimamisha ndani ya sentimita kumi, kiuno chake kinapokea mzigo wa takribani tani mbili. Kamba haikukatika na fundi hakufika chini, lakini uti wa mgongo umekwisha. Ndiyo maana mkanda wa kiuno peke yake umeachwa katika kazi hii, na badala yake wanavaa mkanda wa mwili mzima unaopita mabegani, kifuani na mapajani. Kwenye kamba napo hutiwa kitu ambacho dereva yeyote wa daladala angekitambua kwa kazi yake: shokamzoba. Si ya mafuta wala ya springi. Ni utepe mnene uliokunjwa na kushonwa nyuzi kwa makusudi zichanike. Mtu akianguka, nyuzi zinachanika moja baada ya nyingine, utepe unarefuka, na nguvu inayoufikia mwili, kwa kanuni za Ulaya, haipaswi kuzidi nyutoni 6,000, yaani uzito wa kama kilo 600. Ni kishindo kikubwa bado, lakini kinavumilika.

Kila nafuu ina bei yake. Utepe unaorefuka unahitaji nafasi. Jumlisha kamba ya mita mbili, utepe unaoweza kurefuka hadi mita 1.75, urefu wa mtu kutoka kwenye pete ya mkanda hadi nyayo, na mita moja ya akiba: umevuka mita sita. Fundi aliyeko mita nne juu ya jukwaa, amevaa kila kitu, kulabu yake amening'iniza usawa wa miguu, ataligonga jukwaa kabla kamba haijamaliza kazi. Nimewaona vijana kwenye majengo ya Dar es Salaam wakiwa na hali hiyohiyo kwa ghorofa ya pili, mkanda umefungwa vizuri, kulabu iko miguuni. Wengine kulabu inaning'inia tu mgongoni kama mkia, na hao sina la kuwaambia.

Nadhani hapo mzee wangu ataanza kuona ninakoelekea. Kila kifaa cha kumkamata anayeanguka kimetengenezwa kwa ajili ya anguko fulani ambalo mtengenezaji alilifikiria. Binadamu akianguka kwa namna nyingine, kifaa kinashangaa tu.

Mfano wa wazi ni kizimba. Wengi mmekiona kwenye matangi ya maji na minara: pete za chuma zinazoizunguka ngazi, mpandaji akawa kama yumo ndani ya tundu. Kwa miongo mingi kizimba kilihesabiwa kuwa kinga, na kwa kweli ukiwa ndani yake moyo hutulia. Mwaka 2004 nchini Uingereza ilitolewa ripoti ya majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya mamlaka yao ya usalama kazini, ambapo midoli ya ukubwa wa mtu iliachiwa ianguke ndani ya vizimba. Matokeo hayakutuliza moyo wa mtu. Mdoli uliweza kupita moja kwa moja hadi chini, au kunaswa kwa mkono au mguu kwenye pete, jambo ambalo kwa mtu hai ni kuvunjika na kubaki ameng'ang'ania humo humo, ambamo mwokoaji naye hapiti. Kizimba hakikamati. Marekani nao walifika hapo: kanuni zao za viwandani zilizochapishwa Novemba 2016 zinasema ngazi mpya ya kudumu inayozidi futi 24, kama mita 7.3, iliyowekwa kuanzia 19 Novemba 2018, lazima iwe na mfumo wa kukamata anguko, na kizimba hakihesabiwi. (Mamlaka yao inaitwa OSHA kama hii yetu ya Tanzania, herufi zimefanana, ofisi ni mbili tofauti.)

Kilichochukua nafasi ya kizimba ni reli, au waya uliokazwa, unaopita katikati ya ngazi toka chini mpaka juu. Juu ya reli hutembea kibano kidogo, na kibano hufungwa kwenye pete ya kifuani. Fundi akipanda, kibano kinamfuata kama mbwa wa nyumbani. Akianguka, kinauma reli na kutulia. Anguko ni la sentimita chache, si mita mbili. Kijana wetu anayepanda minara 365 ya shamba la Ziwa Turkana huko Marsabit atakuwa anavijua vibano hivi vizuri. Ngazi ya ndani ya mnara haitofautiani sana iwe nchi kavu au baharini.

Lakini kibano kilijuaje kwamba mtu anaanguka? Vingi vya vifaa hivyo vilitumia mkono mdogo wa chuma. Mpandaji anapokwea huuvuta mkono huo nje na juu, nao hufungua meno. Akianguka, uzito huuvuta chini, meno yanafunga. Maabara ilikijaribu kwa kudondosha mzigo wa kilo 100 wima, meno yakafunga kila mara, cheti kikatolewa. Sasa mfikirie fundi halisi. Amechoka kwenye kidato cha mia mbili, mikono imemwachia, miguu bado iko kwenye kidato. Hashuki wima kama gunia. Anapinduka kinyumenyume, taratibu mwanzoni, na kifua chake kinauvuta mkono wa kibano kuelekea nje, vilevile kama mtu anayepanda. Kibano kinaelewa kwamba bwana mkubwa anaendelea na safari, na meno yanabaki wazi. Au anashtuka na kukikamata kibano chenyewe kwa kiganja, kama sote tungefanya, na kwa kukikamata anakizuia kufunga.

Ilibidi Machi 2010 Tume ya Ulaya ikiondoe kiwango cha vifaa hivyo, EN 353-1 cha mwaka 2002, kwenye orodha ya viwango vinavyochukuliwa kuwa vimetimiza sheria, kwa kuwa majaribio yake hayakuzifikia namna halisi ambazo mtu huanguka. Toleo jipya lilitoka 2014, likiwa na majaribio ya kuanguka kwa nyuma na kwa ubavu. Nimewahi kusikia mhandisi akilieleza jambo hili kama dosari ndogo ya karatasi. Mimi siamini hivyo. Wapimaji walikuwa watu makini. Walipima kwa uaminifu anguko ambalo ni rahisi kupimwa. Gunia ni rahisi kulidondosha wima kuliko kulifundisha kuchoka.

Sasa tutoke nje ya mnara, kwenye boti, maana hapo bahari inaongeza hila yake.

Nje ya msingi wa mnara kuna nguzo mbili za chuma zilizosimama wima, na ngazi iko kati yake. Nahodha huielekeza omo ya boti kwenye nguzo hizo, dapra nene ya mpira ikiwa mbele, kisha huongeza moto wa injini na kuibana boti hapo kwa nguvu ya msuguano tu. Hakuna kamba iliyofungwa. Boti ikibanwa vizuri omo hutulia kama imegandishwa, huku tezi ikipanda na kushuka. Boti nyingi za kupeleka mafundi hazifanyi kazi hii mawimbi yakizidi mita 1.5. Hesabu hiyo ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, kwa hiyo siku inayosomeka mita 1.5, wimbi mojamoja linaweza kukaribia maradufu ya hapo, na likija, mpira huteleza.

Juu jukwaani kumening'inizwa kamba ya kujikunja, inayofanya kazi kama mkanda wa kiti cha gari: ukivuta polepole inakuja, ukiistua inajifunga. Juu ya ngazi ni kifaa kizuri sana. Kwenye boti kinageuka. Fundi akijifunga mapema, akasimama omoni akipiga soga, boti ikateleza ghafla mita moja, kifaa hakioni boti inayoshuka. Kinaona mtu anayeanguka. Kinajifunga. Sitaha inamkimbia miguuni, yeye anabaki ananing'inia, na wimbi linalofuata linairudisha boti juu dhidi ya miguu yake. Kifaa kimefanya kazi yake barabara. Ndiyo sababu kanuni ya kawaida ni kujifunga katika dakika ya mwisho kabisa, boti ikiwa imetulia, kisha kuvuka mara moja na kupanda bila kusita vidato kadhaa ili omo isije ikamfuata.

Marubani wa meli wa Mombasa na Dar es Salaam wanaijua sehemu ya mchezo huu. Wao hurukia ngazi ya kamba ubavuni mwa meli, boti ikiwa kileleni mwa wimbi, ili wimbi likishuka liende na boti na si na mtu. Sheria ya kimataifa haimpandishi rubani zaidi ya mita tisa kwa ngazi hiyo, ila kwa kawaida hakuna kamba inayomshika. Mzee wa Pangani angewaelewa kuliko mimi.

Kurudi ndiko kugumu, na hapa Waswahili walishasema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Fundi amefanya kazi saa nane, amechoka, anashuka huku hatazami anakokwenda. Baharia wa sitaha amesimama omoni chini yake, macho hayako kwa fundi, yako baharini, anahesabu mawimbi. Fundi anasimama kidato cha tatu juu ya omo na kungoja. Wimbi kubwa linapita, la pili linapita, boti inatulia. "Haya!" Anakanyaga sitaha, baharia anamshika mkanda wa bega, na kabla hajasema asante wala kufuta chumvi usoni, mkono wa fundi uko kifuani unafungua kulabu. Anaishikilia kamba ya kuongozea na kuiachia pole pole, na ile kulabu inapanda yenyewe kuelekea jukwaani.

(Itaendelea wiki ijayo: aliyekamatwa na kamba akabaki ananing'inia, mwenzake ana dakika ngapi za kumshusha?)