Sanduku ya mama na kitenge cha leo

Tuseme ukweli: mimi napenda nguo. Kitenge kipya kikifunguliwa mbele yangu, mikono inakwenda yenyewe kukigusa. Sijaacha, wala sitawadanganya kwamba nitaacha. Lakini ile biashara ya kusema kila mara «cha mupya, cha mupya», hiyo imenichosha.

Mama yangu alikuwa na sanduku ya chuma chini ya kitanda. Baba alitumika ku kampani, na mushahara ulipokuwa mzuri mama alinunua piesi nzima, yadi 6. Hakuikata. Aliikunja, akatia naftalini, akafunga. Sisi watoto tuliona ni ubahili tu. Tulikuja kufahamu katika miaka ya 1990, wakati mishahara ilianza kukawia miezi na miezi. Piesi ya kwanza ilitoka mu sanduku ikawa unga. Ya pili ikawa minervali yangu ya shule. Mnunuzi hakuuliza ni ya mwaka gani. Aliuliza neno moja: «Njo waksi ya kweli?» Mama akageuza kitambaa, akamwonyesha nyuma. Rangi ilikuwa sawasawa pande zote mbili.

Waksi ya kweli inatambulikana hivyo, kwa sababu ya kazi yake. Ulimbo wa moto unapigwa juu ya kitambaa cha pamba, mbele na nyuma, halafu kitambaa kinatiwa mu rangi ya nili. Penye ulimbo, rangi haiingii. Lakini ulimbo unavunjika-vunjika, na mu nyufa zake rangi inapenya, inaacha mistari midogo kama mishipa ya mkono. Kwa hiyo hakuna yadi mbili zinazofanana kabisa. Ufundi huo asili yake ni Java, huko Indonesia. Waholanzi waliuiga kwa mashini. Kiwanda cha Vlisco kilianza mu mji wa Helmond mwaka 1846.

Majina ya michoro, lakini, hayakutoka Uholanzi. Bamama wa masoko ya Afrika ndio waliyatoa: «Bwana wangu anaweza», ama ule wa ndege na tundu lao, «Ukitoka, nami natoka». (Huo wa pili baba wengine hawapendi kuuona nyumbani.) Mchoro wenye jina haukuzeeka. Mama angeweza kuuvaa, na binti yake kisha, na kila mutu aliufahamu. Ndiyo maana sanduku ilikuwa benki.

Katika miaka ya 2000 mambo yaligeuka. Vitenge vya China vilijaa sokoni, mchoro ule ule, bei ndogo. Vlisco nayo ikajigeuza nyumba ya mitindo: picha za wasichana warembo, maduka ya vioo, michoro mipya mara nyingi kwa mwaka. Mwaka 2010 ilinunuliwa na Actis, kampani ya Uingereza iliyokuwa ikiweka feza mu biashara za wengine. Na viwanda vyetu? Filtisaf ya Kalemie ilifungwa. Utexafrica ya Kinshasa ikaacha kutengeneza vitambaa.

Sasa tuangalie mu kampi. Mwaka jana, mu kikundi chetu cha bamama, tulichagua inifomu mara nne: sikukuu, arusi, matanga, na tarehe 8 Machi. Mara nne! Jirani yangu, bwana wake ni kreseri, siku nyingine anapata, siku nyingine anarudi na mikono mitupu. Mama huyo alichukua feza ya likelemba kabla ya zamu yake. Nilipomuuliza, alijibu: «Nikikosa kuvaa, batasema bwana yangu hanipendi.» Deni alilipa miezi mitatu. Kitenge alikivaa siku moja.

Nilisimama mu mkutano, nikaomba kitenge kimoja kitumike mwaka mzima. Wengine walipiga makofi. Mmoja alisema nimeanza kuzeeka. Tulikubaliana mbili kwa mwaka, na matanga kila mutu avae alichonacho. Tarehe 8 Machi bado inabishaniwa.

Mama alipofariki, mu sanduku ilibaki piesi moja. Nilipokosa minervali ya binti yangu, niliipeleka sokoni, nikiwaza nitafanya kama yeye. Muuzaji hakuigeuza hata nyuma. «Mama, hii ilishapita. Bantu beko banatafuta ya mupya.» Alinipa bei ya kuchekesha. Nikaikunja, nikarudi kwa miguu. Minervali tuliilipa kidogo kidogo, kwa kuuza makala.

Binti yangu aliitandaza juu ya kitanda, akaangalia ile mistari midogo muda mrefu. «Mama, tuishone basi.» Jumamosi tukaenda kwa mushonaji. Alipotia makasi nilifumba macho. Libaya imemkaa vizuri sana. Siku ya Mungu kila mutu alimuuliza ameinunua wapi. Zimebaki yadi 2, nimezirudisha mu sanduku.