Si Kila Donge Jeusi ni Chaga

Kwenye misitu ya baridi ya Urusi na Finland, mti wa betula hujulikana kwa mbali kwa ganda lake jeupe. Donge jeusi likiota kwenye shina kama hilo halina pa kujificha, na wenyeji huliendea na shoka mkononi. Wanaitafuta chaga, kuvu ambayo Warusi huichemsha na kuinywa kama chai tangu enzi za mababu. Kazi iko katika kuitambua, maana betula huota vitu vingi, na vingi kati ya hivyo si chaga.

Kinachowapoteza wengi ni nundu. Hiyo si kuvu kamwe. Ni mbao ya mti wenyewe iliyovimba, nyuzi zake zikajisokota ovyo. Ni ngumu na ina mapambo ya kupendeza, ndiyo maana Wasami wa kaskazini mwa Skandinavia huichonga wakapata kikombe kiitwacho kuksa. Ukiichemsha utapata maji ya mbao tu.

Ganda ndilo la kutazamwa kwanza. Nundu imevikwa ganda la mti kwa sababu imekuzwa na mti. Chaga hulipasua ganda na kuchomoza nje bila umbo maalumu, nyeusi na yenye nyufa kama mkaa. Weusi huo ni melanini. Shoka likipita, ndani huonekana rangi ya kutu yenye michirizi ya manjano au myeupe, na kipande humegeka bila kuonyesha nyuzi za mbao.

Baada ya hapo, chunguza upande wa chini. Kuvu nyingine za betula hujitokeza kama kwato ya farasi, na chini yake kuna uso laini wenye vitundu vidogo vinavyotoa spora. Chaga iliyo kwenye mti hai haina uso huo. Sehemu yake ya kuzaa hutokea chini ya ganda mti ukishakufa. Aina ya mti nayo ni muhimu. Huko Amerika Kaskazini, mafundo meusi ya ugonjwa wa micheri mara nyingi hudhaniwa kuwa chaga.

Hizo kuvu nyingine zisidharauliwe. Maiti ya Ötzi, iliyopatikana mwaka 1991 kwenye barafu ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, ina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Mtu huyo alibeba kuvu ya kuwashia moto, pamoja na vipande vya kuvu nyingine ya betula vilivyotungwa kwenye kamba za ngozi. Baadhi ya watafiti wanaamini vipande hivyo vilikuwa dawa yake.

Chaga ilipata sifa duniani kupitia riwaya ya Aleksandr Solzhenitsyn kuhusu wodi ya saratani, inayomtaja daktari aliyeona kwamba wakulima wanaoinywa badala ya chai hawaugui sana saratani. Ni dokezo lenye mvuto, lakini halijawa uthibitisho: hakuna majaribio ya kutosha kwa binadamu yanayoonyesha kuwa chaga inatibu ugonjwa huo.

Siku hizi wengi hawaioni tena msituni. Huinunua ikiwa unga, na ikishasagwa, ganda, michirizi na vitundu vyote vimepotea. Mnunuzi amebaki na maneno ya muuzaji. Hata iliyo halisi ina hatari yake, kwa kuwa imejaa oksalati, kemikali inayoweza kudhuru figo. Mwaka 2014 madaktari wa Japani waliripoti habari za mwanamke wa miaka 72 mwenye saratani ya ini, aliyekula vijiko vinne hadi vitano vya unga wa chaga kila siku kwa miezi sita. Figo zake zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Mwenye maradhi ya figo, au anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda, amweleze daktari wake kabla ya kikombe cha kwanza.