Kuoza na Kuozesha: Kuvu ya Majani Yaliyokufa Mtoni

Katika Kiswahili, neno kuoza hubeba maana ya hasara: kilichooza hakifai tena. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba maana hiyo haitoshi tunapoeleza maisha ya mto.

Kandokando ya mito ya Ulaya huota mti uitwao kwa Kilatini Salix, ambao waliosoma Kifaransa huujua kwa jina la saule. Baridi ikaribiapo, majani yake hupukutika na kuzama majini. Jani lililozama karibuni ni gumu, na lishe yake ni haba. Ndipo kuvu ndogo mno huliingia, mojawapo ikiwa Tetracladium marchalianum. Nyuzi zake hupenya ndani ya jani na kutoa vimeng’enya vinavyolilainisha. Nyuzi zenyewe huliongezea protini. Hapo mabuu ya wadudu na vijikamba hulila kwa hamu, nao huwa chakula cha samaki.

Spora ya kuvu hii haifiki sehemu ya kumi ya milimita, nayo ina mikono minne iliyotawanyika. Umbo hilo lina kazi: ikichukuliwa na mkondo, spora hugusa jani kwa ncha tatu, ikatulia kama chungu juu ya mafiga. Nyingine hunaswa katika povu chini ya maporomoko, ambamo mtafiti huziteka na kuzitazama kwa hadubini.

Aliyeipa kuvu hii jina, mwaka 1893, ni Émile De Wildeman, Mbelgiji ajulikanaye kwetu zaidi kwa maandishi yake juu ya mimea ya Kongo. Lakini ni C. T. Ingold, akifanya kazi Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1942 kwamba kundi zima la kuvu za namna hii hustawi juu ya majani yaozayo mitoni.

Turudi kwenye istilahi. Tumechagua kuvu kwa sababu ukungu ni pia ule wa alfajiri, na uyoga kwa wengi ni kitoweo. Ama kuoza, kitenzi hicho humficha mtendaji, kuozesha humdhihirisha. Ni kweli kwamba mzazi naye humwozesha binti yake, ila muktadha hutenganisha maana hizo mbili. Mwanafunzi asomaye kwamba jani “huharibika” hataona sababu ya kuacha miti kando ya mto. Asomaye kwamba kuvu huliozesha, na kwa kuliozesha huwalisha samaki, ataiona.