Boma la Tanga na hesabu ya mkonge

MKULIMA au mfanyabiashara anayefika Tanga mjini kwa shughuli zake asiondoke bila kupita kwenye Boma la zamani la Wajerumani. Humo ndimo yalimo Makumbusho ya Urithi Tanga, yenye picha na kumbukumbu za mji huo.

Wengi hudhani makumbusho ni ya watalii na wanafunzi. Lakini historia ya Tanga ni historia ya biashara, na kwa miaka mingi biashara hiyo ilisimama juu ya zao moja: mkonge.

Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, lakini iliyofika hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na baadaye reli hiyo ikafika Moshi.

Mashamba yalihitaji watu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri vibarua, SILABU. Watu wakaletwa kutoka Kigoma, Songea na hata Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Mshahara ulihesabiwa kwa kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi. Mpaka zitimie alama 30, hakuna malipo. Ukiugua, kipande nacho kinalala.

Jasho hilo liliifanya Tanganyika iongoze duniani. Mwaka 1964 zilizalishwa zaidi ya tani 230,000. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na uzalishaji ukaendelea kushuka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulibaki tani 20,000 hivi.

Mkulima ajifunze nini hapo? Kwanza, ajue kwamba mnunuzi akipata kitu cha bei nafuu zaidi, hatamhurumia mtu. Anayetegemea zao moja huumia wa kwanza.

Pili, aangalie anachotupa. Katika jani la mkonge, singa ni asilimia 4 hivi tu ya uzito. Kwa miaka mingi mashine za korona zilichukua singa na kumwaga mengine yote. Ni katika miaka ya 2000 tu ndipo kiwanda cha Hale, wilayani Korogwe, kilipoanza kutumia mabaki hayo kuzalisha gesi na umeme.

Leo wakulima wadogo wa Korogwe wanalima mkonge wakiwa ndani ya vyama vyao vya ushirika. Wajukuu wa manamba sasa wanaweza kuwa wenye shamba. Lakini kumiliki shamba ni nusu ya safari. Kabla ya kupanda ekari nyingine, iwe ya mkonge, korosho au alizeti, jiulize: nani atanunua, na akikataa, nitauza wapi?